Shakwe Mwenye Doa kwenye Lambo la Nduruma

Sisi tuliokulia Nduruma enzi zile, ndege ndiye aliyetupangia foleni ya maji. Wajukuu zangu wakisikia hivyo wanacheka, wanadhani bibi ameanza kuchanganyikiwa. Nawaacha wacheke. Wao maji wanafungulia bomba, na wakishafungulia wanasahau kulifunga mpaka nitoke na fimbo yangu nikalifunge mimi. Lakini ninyi wenzangu mliobeba debe kichwani mngali na mapengo ya meno ya utoto, ninyi mtanielewa.

Nakumbuka tulikuwa tunaamka kabla jogoo wa jirani hajamaliza maneno yake. Kiporo cha loshoro kilikuwa kwenye chungu, mahindi yamelala kwenye maziwa ya mgando, baridi, ukimeza unasikia mpaka tumboni. Unakula umesimama. Ngata ya majani ya mgomba unaisokota huku unatembea. Mchana utacheza mdako, utacheza kombolela, mwalimu atakuchapa kwa kuchelewa, hayo yote ya baadaye. Asubuhi ilikuwa ya maji, na asubuhi haikuwa na mchezo.

Lambo letu lilichimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Sisi watu tulijipachika tu, kwa sababu mto ulikuwa mbali na mfereji walikuwa nao watu wa juu, wa kuelekea mlimani. Usiku kucha matope yalikuwa yanalala chini, na asubuhi, upande wa mawe, ulikuta maji meupe unayoweza kumpa mtu akanywa. Unachutama, unachota kwa kikombe cha bati, polepole, usiguse chini, unamimina kwenye debe. Ukifanya haraka unavuruga, na wenzako nyuma watakutukana ukoo mzima. Jua likipanda kidogo, ng'ombe wa Waarusha wanaingia. Wakishaingia, basi. Maji yanakuwa kama uji wa ulezi mpaka kesho yake.

Kwa hiyo aliyekuwa mbele alipata maji, na aliyekuwa nyuma alipata matope. Zamani watu waliwahi kwa kutoka gizani, hadi fisi alipomkimbiza binti mmoja mpaka mlangoni kwao. Wazazi wakapiga marufuku kutoka kabla ya kupambazuka. Sasa tukawa tunafika wote pamoja, na tukifika tunapigana. Sisi Wameru upande huu, Waarusha upande ule, vibuyu vinapasuka, watu wanarudi nyumbani na nundu badala ya maji.

Aliyemaliza vita ile ni Mama Mwanaidi. Alikuwa mtu wa Tanga, mumewe fundi wa mashine kwenye shamba la mkonge. Hakuwa Mmeru wala Mwarusha, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema anapendelea kwao. Asubuhi moja alitukuta tumeshikana nywele, akaweka ndoo yake chini, akasema, "Nyie watoto, mnawaona wale ndege?"

Tuliwaona kila kiangazi. Tuliwaita ndege weupe, hatukujua jina lingine.

"Wale ni shakwe. Kwetu wanaiba samaki mtumbwini huku unawaangalia. Sasa pale kuna wenyeji, wenye kichwa cha kijivu na miguu myekundu. Na mara nyingine anakuwapo mgeni katikati yao, wa aina nyingine. Atakayenionyesha mgeni anachota kwanza. Atakayenionyesha mgeni wa uongo anakwenda nyuma kabisa. Na atakayewarusha kwa jiwe, huyo sitaki hata kumwona."

Mgeni asipokuwapo, tulichota kwa jinsi alivyotukalisha yeye. Na mtu akishaonyesha mgeni, hakuna anayegusa maji mpaka yeye Mama Mwanaidi aseme ndiyo au hapana. Ndiyo ilikuwa sheria, na nawaambia, ilishika kuliko sheria nyingi nilizoziona baadaye.

Basi tukaota macho. Sikusoma sana, lakini shakwe nilisoma. Kulikuwa na yule mkubwa mwenye mgongo mweusi na miguu ya njano. Huyo hata mtu mwenye mtoto wa jicho angemwona. Kulikuwa na wale wenye madoa ya kahawia kwenye mbawa, waliowadanganya wengi, kwa sababu ni watoto wa wale wale wenyeji, hawajabadilisha manyoya. Halafu kulikuwa na mmoja mgumu kweli. Umbo lake ni la wenyeji, mdogo kidogo tu. Lakini kichwa chake cheupe, nyuma ya jicho ana doa jeusi, kama mtu amemgusa kwa kidole chenye masizi. Na jicho lenyewe jeusi, wakati wenyeji macho yao ni meupe. Huyo, Mama Mwanaidi alikuwa ametuonyesha mara moja tu, akatuambia, "Huyu ametoka mbali sana."

Sasa kile kiangazi cha baada ya Krismasi, mwaka ambao vuli ilitukimbia, mdogo wangu Emanueli alianza kuharisha. Alikuwa bado wa kubebwa. Alitapika kila alichopewa, macho yakaingia ndani, na utosi ukabonyea. Mganga wa zahanati alimwambia mama achemshe maji masafi, atie chumvi na sukari, amnyweshe kidogo kidogo bila kuacha. Maji masafi, alisisitiza. Sisi ndani tulikuwa na maji ya jana, ukiyatikisa yanageuka udongo. Unaweza kuchemsha matope mpaka kesho, yanabaki matope ya moto.

Alfajiri ile mama alinishika bega mlangoni. "Ruti, leo usiniletee tope."

"Sawa, mama."

"Na huko usimwambie mtu."

Sikuuliza kwa nini. Kulikuwa na nyumba moja iliyojulikana ina mtu wa kuhara, na watu wa lamboni walikubaliana kwamba wao wachote mwisho, ng'ombe wakishatoka, wasije wakatutilia ugonjwa majini. Tukisema, tungewekwa huko. Kwa hiyo nilitoka nyumbani na debe kichwani na mdomo umefungwa.

Nilifika nikakuta wenzangu wameshakaa. Mama Mwanaidi alinikalisha karibu na mwisho. Mbele yangu alikuwa Nasieku, binti wa Kiarusha, wa umri wangu lakini mrefu, mwenye maneno. Ng'ombe waliokuwa wanakuja kunywa kila siku wengi walikuwa wa kwao, na alipenda kutukumbusha.

Nasieku hakungoja. Alinyanyua kidole, "Mama, mgeni yule. Mwenye mabawa ya kahawia."

Mama Mwanaidi alitazama mara moja tu. "Huyo mtoto wa humu humu. Nenda nyuma."

Watu wakacheka. Nasieku akabeba debe lake akapita karibu yangu, akanikanyaga dole makusudi. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nawapitia wale ndege mmoja mmoja. Kijivu, kijivu, kijivu, kahawia, kijivu. Kuna mmoja alikuwa amelala pembeni ya jiwe, amesimama kwa mguu mmoja, kichwa amekizika mgongoni. Alionekana mdogo kuliko aliye karibu naye. Nikamkazia macho. Akatoa kichwa, kama mtu anayegeuka kitandani, akakirudisha. Nililiona doa.

"Mama, mgeni yupo."

"Wapi?"

"Pale kwenye jiwe. Yule aliyelala."

Mama Mwanaidi alikinga jua kwa mkono. "Naona mgongo tu. Kichwa kiko wapi?"

"Amekificha. Sasa hivi alikitoa, ni yule wa doa."

"Basi na mimi nilione."

Tukasubiri. Kule nyuma Nasieku akasema, si kwa sauti kubwa, ila kila mtu alisikia, "Ruti ameota. Ndege amelala, na yeye amelala."

"Kaa kimya," nikamwambia.

"Mwamshe basi umpe chai."

Ndege hakuamka. Nilikuwa natazama yale manyoya ya mgongo mpaka macho yakanichoma, naogopa kupepesa. Upande wa chini, kule mbugani, niliona kitu ambacho sikutaka kukiona. Vumbi. Kisha kengele, mbali, kengele ya dume wa mbele wa ng'ombe wa kina Nasieku.

Wengine nao wakaliona vumbi. Wakaanza kunung'unika, maana kesi yangu ilikuwa imewazuia wote. "Ruti, acha ubishi, tuchote." "Futa maneno yako, nenda nyuma, yaishe." Binti wa shangazi yangu mwenyewe akanivuta gauni, "Dada, utatunywesha matope wote kwa ajili ya ndege?"

Ningefuta, ningekwenda nyuma, na nyuma ni matope. Nikashikilia. "Mama, nilimwona. Jicho jeusi, doa nyuma."

Mama Mwanaidi hakuwa mtu wa kuonea, wala hakuwa mtu wa kuhurumia ovyo. Alitazama vumbi, akatazama ndege. Akaonyesha mgunga uliokuwa peke yake njiani. "Ng'ombe wakifika pale, hukumu imekwisha."

Sijawahi kumwomba Mungu kwa ajili ya shingo ya ndege isipokuwa siku ile. Jirani yake alijikuna, akajinyoosha, akamsukuma kidogo. Nikasema sasa. Akabadilisha mguu tu, akaendelea kulala. Kengele ikawa kubwa. Nikaona pembe. Nikaona dume wa mbele anapita kwenye kivuli cha mgunga.

"Haya," Mama Mwanaidi alisema. "Sikumwona. Ruti, nyuma."

Wenzangu walikimbilia mawe, wakachutama, vikombe vikaanza kugonga madebe. Mimi nilikwenda mwisho, nyuma ya Nasieku. Nilitazama ile foleni, nikatazama ng'ombe, nikaona wazi kwamba zamu yangu itafika ng'ombe wakiwa majini hadi magotini. Hapo ndipo machozi yalinitoka. Sikulia kwa sauti, yalishuka tu.

Nasieku akageuka. "Unamlilia ndege?"

Nilimtazama. Nilikuwa nimeambiwa nisiseme, na kumwambia Nasieku kuliko wote ilikuwa sawa na kupiga kengele ya kanisa. Lakini nilikuwa nimebakiwa na nini?

"Emanueli anaharisha," nikasema chini chini. "Tangu juzi. Leo analia, machozi hayatoki."

Alijua maana yake, kwao walizika mtoto masika yaliyopita. Nilikuwa nangoja apaze sauti. Angesema neno moja tu, wangenitoa pale na debe langu tupu, na hata matope ningeyapata jioni. Badala yake aliweka debe lake chini, akaniambia, "Pita mbele yangu," na akaondoka mbio.

Nilidhani anakwenda nyumbani. Hapana. Alikimbia kuelekea ng'ombe. Akasimama katikati ya njia, mikono imetandazwa, anawaita kwa Kimaasai kwa majina yao, anawazomea warudi. Ng'ombe wenye kiu hawarudi, mnajua. Dume wa mbele aliendelea. Nasieku akamshika pembe, akamkaza shingo, akawa anaburutwa visigino vinachora ardhi, mpaka dume akasimama. Waliokuwa nyuma wakagongana, wakaanza kulia ile milio ya kiu inayotia huruma.

Kaka yake mkubwa alitokea kwenye vumbi na fimbo. "Nasieku, toka njiani."

"Bado."

"Bado nini?"

"Bado watu hawajachota."

"Ng'ombe hawajanywa tangu jana asubuhi. Toka."

"Bado, kaka."

Akamchapa miguuni. Tulisikia. Hakuachia pembe. Akamchapa tena, na tena, si kwa ukatili, kwa namna ya mtu anayefukuza mbuzi shambani, na kila mara anamwuliza ana wazimu gani leo. Na Nasieku, mwenye maneno kuliko sisi wote, hakusema sababu. Angesema tu, "Kwa kina Ruti kuna mgonjwa," labda kaka yake angeshusha fimbo. Ila lambo zima lingesikia. Hakusema.

Foleni ilikuwa inasogea. Mimi nataka kumtazama, nataka kwenda kumsaidia, sijui nataka nini. Mama Mwanaidi alikuwa amesimama akitutazama wote wawili, yule kule na mimi hapa, na nadhani kuna kitu alielewa. Alinisogelea akanisukuma mgongoni. "Chota, mwanangu. Usitazame huko."

Nikachutama. Kikombe cha kwanza nilikimimina nje, nilikuwa nimegusa chini nikavuruga. Nikasogea pembeni, penye maji meupe, nikachota tena, polepole, na fimbo inalia nyuma yangu. Debe halijai, nyie. Debe siku ile lilikuwa na njaa.

Nilipoinua uso kumimina, yule ndege kwenye jiwe alikuwa ameamka. Amenyoosha shingo, ananitazama. Kichwa cheupe. Jicho jeusi. Doa nyuma yake, kama masizi. Alikaa hivyo muda wote niliomimina. Hakuna mwingine aliyemtazama, na mimi sikunyanyua kidole. Nilirudisha kikombe majini.

Debe lilipojaa nilisema, "Tayari." Sikumbuki kama nilisema kwa sauti. Nasieku aliachia pembe. Ng'ombe walipita kama ukuta ulioanguka, wakaingia majini, shakwe wote wakaruka, na huyo wa doa pamoja nao, na sikumwona tena kiangazi kile. Nasieku alikuwa amekaa njiani anafuta miguu kwa majani. Debe lake lilikuwa tupu. Siku ile kwao walikunywa matope.

Nyumbani mama aliinamia debe, akaona mpaka chini. Akawasha moto. Aliniuliza jambo moja tu. "Umemwambia mtu?"

"Nasieku."

Alikoroga ile sufuria muda mrefu. Nilingoja kichapo, hakikuja. Alimnywesha Emanueli kwa kijiko siku ile yote na iliyofuata, na Emanueli alipolia na machozi yakashuka, mama naye akalia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona mtu mzima akifurahia machozi ya mtoto. Emanueli yupo, anakaa Olasiti, ana gereji na tumbo kubwa, na hakuna ubishi duniani asioshinda.

Baadaye mama alituma mkungu wa ndizi kwa mama yake Nasieku. Hakutuma maneno. Kibuyu cha maziwa kikarudi, nacho hakikuja na maneno. Na Nasieku asubuhi iliyofuata alikuwepo lamboni, miguu imevimba, ameinua kidevu, anatukana watu kama kawaida. Aliolewa upande wa Monduli tukapotezana. Mpaka leo sijui kama yu hai.

Mwaka huu mjukuu wangu Glory alinipeleka Nduruma kwa gari. Lambo bado lipo, dogo, na majani mengi. Shakwe walikuwapo. Glory akanyoosha simu, simu ikamwambia jina la ndege kwa Kizungu, akaridhika, akaanza kujipiga picha mwenyewe, ndege nyuma yake hata hawaonekani. Nikamwambia, mwanangu, hujamtazama hata mmoja. Akaniambia, "Bibi, nitawaangalia nyumbani." Vijana wa siku hizi wanatunza kila kitu ili wakitazame baadaye, na hiyo baadaye mimi sijawahi kuiona ikifika.

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi watu wa zamani walikuwa wema. Nimewaambia mwenyewe, walikuwa tayari kumnywesha mgonjwa matope, na mama yangu alificha kama wanavyoficha wa leo. Maji ya bomba ni baraka, asiyejua hilo hajabeba debe. Ila tulikuwa tunasimama mstari mmoja kila asubuhi. Hata ukificha, kuna mtu mbele yako na mtu nyuma yako, na machozi yakikutoka kuna atakayekuuliza unalia nini, hata kama anakuuliza kwa kejeli.

Sasa nakaa Kijenge. Kila nyumba ina ukuta, ina geti, ina tangi lake juu. Mwaka jana nyumba ya pili kutoka kwetu waliuguza mtoto mchanga siku kadhaa. Sisi hatukujua. Tulijua tulipoona gari linashusha turubai na viti vya plastiki. Nilijifunga kanga nikaenda kumpa pole mama yake, binti mdogo tu, ambaye nimekuwa nikisikia redio yake kila asubuhi tangu walipohamia. Niligonga geti. Mlinzi alifungua kidirisha, akaniamkia vizuri, shikamoo bibi, kisha akaniuliza mimi ni nani na natokea wapi.

Nikamwonyesha ukuta wetu.